Uzi maalumu: Kufunga nzi wa bandia anayefanana na mdudu halisi, na zana zinazodumu

#1 Mleta uzi

Wakuu, salamu kwenu.

Uzi huu ni wa kufunga nzi wa bandia, yaani chambo cha kuvulia samaki kinachotengenezwa kwa kufunga manyoya na uzi kwenye ndoano. Kabla hujabana ndoano kwenye jiriwa (kibanio cha mezani), jaza maji bilauri ya kioo uiweke mezani karibu na taa. Hiyo ndiyo zana ya kwanza katika uzi huu, na ndiyo iliyonifundisha kuliko zote nilizonunua baadaye.

Miaka ya mwanzo nilikuwa nafunga nzi wa kupigwa picha. Miguu sita yenye viungo, macho mawili meusi, mkia wa nyuzi tatu, mgongo unaong'aa. Nikimweka juu ya jiwe, mtu anamwinamia akingoja atambae. Nikamvulia siku mbili mtoni bila kuguswa hata mara moja. Usiku wa pili nikamtumbukiza kwenye bilauri yangu ya maji ya kunywa, kwa hasira tu. Akazama chali huku anazunguka, miguu imekakamaa kama mbavu za mwavuli uliovunjika. Hakuna mdudu hai anayezama hivyo. Samaki hawakuwa na shida na macho wala rangi, walimkataa kwa jinsi alivyokuwa anakwenda.

Kwa hiyo tukubaliane kwanza neno "halisi". Wapo nzi wa bandia, au flai kama wengi tunavyosema, wanaofungwa ili wawekwe kwenye fremu ya kioo. Ile ni sanaa kamili na nawaheshimu wanaoifanya. Uzi huu unamhusu yule wa kuvulia, anayefanana na mdudu kule chini anakoonwa na samaki.

Kwa uzoefu wangu samaki anapima mambo manne: ukubwa, umbo, mkao na ulaini. Rangi inakuja baada ya hayo. Ukikosea ukubwa kwa namba mbili, hakuna rangi itakayokuokoa. Kwa wageni: namba za ndoano zinakwenda kinyume, namba 18 ni ndogo kuliko namba 10.

Mkao unahitaji maelezo zaidi, maana wengi tunafunga tukimtazama nzi kutoka juu na ubavuni, huku samaki anamtazama kutoka chini. Mwanga unaoingia majini unapinda, na samaki anaona dunia ya juu kupitia duara moja tu lililo juu ya kichwa chake, lenye pembe ya takribani digrii 97. Akiwa kwenye kina cha sentimita 30, duara hilo lina upana wa sentimita 68 hivi. Nje ya duara, uso wa maji kwake ni kioo kinachoakisi sehemu ya chini ya mto. Basi mdudu anayeelea akija kutoka mbali, samaki haoni mabawa wala mgongo. Anaona vishimo vidogo vya mwanga pale miguu inapobonyeza uso wa maji, na sehemu yoyote ya mwili iliyozama. Mabawa yanaonekana mdudu akishakaribia ukingo wa duara. Ndiyo maana nzi wa kuelea mwenye mabawa ya kupendeza na tumbo linaloning'inia vibaya chini ya maji anakataliwa kabla mabawa yake hayajaonekana.

Jambo la pili ni kumjua mdudu mwenyewe. Geuza mawe mtoni, uchukue kisahani cheupe, umtazame akiogelea. Wale wa oda ya Ephemeroptera, ambao wakipata mabawa huyasimamisha wima kama tanga, wakiwa tunutu (wadudu wachanga ambao bado hawajapata mabawa) majini wana matamvua pembeni mwa tumbo na mara nyingi mikia mitatu. Wa oda ya Plecoptera wana mikia miwili, wanatambaa juu ya mawe, na wengi wao wanatoka majini kwa miguu ili wajivue ngozi pale juu. Lava wa Trichoptera wengi hujijengea vijumba vya mchanga au vijiti kwa hariri wanayoitoa wenyewe. Hizi ni tabia tatu tofauti. Tunutu wa Plecoptera unayemfunga aelee katikati ya maji, hata ukimfunga vizuri namna gani, umemweka mahali ambapo mwenzake halisi hakai kwa hiari.

Naendelea. Maswali yaulizwe hapa hapa, msiniandikie faragha, ili wote tufaidike.

#2 Mchangiaji

Nimekaa siti ya mbele mkuu. Mimi ni mgeni kabisa, sijafunga hata nzi mmoja. Nimeona seti za zana kumi na mbili ndani ya boksi moja pamoja na manyoya, bei yake nafuu. Nianze na hiyo, au nijichange ninunue moja moja?

#3 Mleta uzi

Karibu sana kaka. Usinunue hiyo seti. Zana kumi na mbili maana yake pesa yako imegawanywa mara kumi na mbili, na tatu zinazobeba kazi zote zimepata kile kile kilichopata zana ambazo hutazigusa. Weka pesa kwenye jiriwa, bobini na mkasi. Zilizobaki unaweza kuzitengeneza mwenyewe au kuazima.

Jiriwa. Kazi yake ni moja, kubana ndoano isisogee. Ijaribu hivi: bana ndoano namba 10 kwenye pindo lake, kisha bonyeza tundu la ndoano kwa kidole kuelekea chini. Waya wa ndoano unatakiwa upinde kama springi na kurudi, huku pindo halijasogea kwenye meno ya jiriwa. Ndoano ikishuka, jiriwa hiyo iache pale pale. Halafu jaribu namba 18. Jiriwa nyingi za bei ya chini zinabana vizuri ndoano kubwa, ila ndogo zinateleza kwa sababu ncha za meno hazikutani sawa.

Meno yawe ya chuma kilichopikwa kwa moto kikawa kigumu. Chuma laini kinachimbika mfereji baada ya miezi michache, na ndoano zote zitakazofuata zitalegea kwenye mfereji huo. Kilichopikwa kupita kiasi nacho kinapasuka ncha. Kwa macho huwezi kutofautisha, kwa hiyo uliza kama meno yanauzwa peke yake. Mtengenezaji anayeuza meno ya akiba amekusudia jiriwa yake iishi miaka mingi.

Kwa nzi wa aina hii nakusihi uchukue jiriwa inayozunguka, ile ambayo shina la ndoano linakaa kwenye mstari wa mhimili. Ukiizungusha, nzi anazunguka palepale bila kupanda wala kushuka, nawe unaona tumbo lake kama samaki anavyoliona. Nilifunga miaka minne kwenye jiriwa isiyozunguka, na nzi wangu wote walikuwa wazuri ubavu mmoja.

Ya kubana ukingoni mwa meza ni imara zaidi kuliko ya kitako, isipokuwa kitako kiwe kizito kweli. Ukivuta uzi kwa nguvu kitako kikainuka, mkono wako utaanza kuogopa kuvuta, na nzi wako watakuwa legevu bila wewe kujua sababu.

Bobini. Nazungumzia kile kishikio chenye miguu miwili inayobana kigurudumu cha uzi, na mrija mbele. Hapa ndipo wageni wengi wanapokatia tamaa. Uzi unakatika, unarudia, unakatika tena, unadhani mkono wako ni mzito. Mara nyingi mdomo wa mrija ndio wenye makali. Chukua nyuzi za pamba uzipitishe taratibu kwenye ukingo wa mdomo: zikinasa, huo mdomo utakata uzi wako. Mrija wa seramiki ni laini sana na haukwaruzi uzi, ila ukianguka kwenye sakafu ngumu unaweza kumeguka ukingo bila wewe kuona, kisha unakata kuliko wa chuma. Ukianguka, rudia jaribio la pamba kabla hujaendelea.

Miguu yake isibane sana. Vuta uzi: kigurudumu kianze kuzunguka kabla uzi haujafika mahali pa kukatika. Ukiona kigumu, itanue miguu kidogo kwa vidole.

Mkasi. Nunua miwili. Mmoja wa ncha nyembamba, kwa uzi na manyoya tu. Wa pili wa kawaida, kwa waya, plastiki na nywele nene. Siku utakayokata waya wa shaba kwa ncha ya mkasi mzuri, umeuharibu, na kuunoa upya si rahisi. Unapoujaribu, kata karatasi ya shashi iliyoloa kwa ncha peke yake. Ukikata bila kutafuna, ni mkasi. Wenye ubao mmoja wa msumeno mdogo sana unashika nywele zisiteleze, mimi naupenda. Wenye makali ya kabaidi ya tungsteni unakaa na ukali muda mrefu lakini hautaki kuanguka.

Sindano ya kupaka gundi: chomeka sindano ya kushonea kwenye kizibo cha chupa. Fundo la kumalizia unaweza kulifunga kwa vidole viwili, jifunze hivyo kwanza. Taa iwe nyeupe kama mwanga wa mchana, la sivyo rangi ulizochanganya usiku zitakushangaza asubuhi.

#4 Mchangiaji

Nimesoma kwa makini. Mimi nimevua kwa nzi zaidi ya miaka thelathini na naomba kupinga kidogo. Frank Sawyer, aliyekuwa mlinzi wa mto Avon kule Wiltshire, Uingereza, alifunga tunutu wake kwa nyuzi za mkia wa fesanti (ndege wa jamii ya kwale) na waya wa shaba. Basi. Hakutumia hata uzi, na miguu hakuweka kabisa. Nzi huyo amekamata samaki aina ya trauti dunia nzima. Haya mambo ya viungo vya miguu yanamfurahisha mfungaji tu. Vijana wanapoteza nusu saa kwa nzi mmoja ambaye ataachwa kwenye mti mrusho wa tatu.

#5 Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru umemtaja Sawyer, maana kwangu mimi yule ni mmoja wa mabingwa wa uhalisia.

Aliacha miguu kwa sababu aliwatazama tunutu wanaoogelea, akaona wanaikunja na kuibana mwilini wanapokwenda kasi. Kwa mdudu yule, nzi asiye na miguu ndiye aliye sahihi. Waya wa shaba nao unafanya kazi tatu kwa pamoja: unafunga, unaongeza uzito kwenye kidari pale uvimbe wa mdudu ulipo, na unaacha mng'ao mwekundu chini ya nyuzi. Alitazama kwanza, akafunga baadaye.

Shida inakuja tukimchukua mdudu mwingine. Tunutu wa jamii ya Heptageniidae wanaishi kwenye maji ya kasi wakiwa wamejibandika kwenye mawe. Mwili wao ni bapa, kichwa kipana kama jembe, macho juu ya kichwa, mapaja mapana. Akibanduliwa na maji si mwogeleaji hodari, anatupatupa miguu akielea na mkondo. Huyu ukimfunga mwembamba bila miguu umefunga mdudu mwingine.

Na kuhusu muda nakubaliana nawe mzee. Kwenye maji ya kasi samaki ana nukta moja ya kuamua, hapo nzi rahisi kama huyo wa Sawyer anatosha na mimi huwa namtumia. Maji yakiwa tulivu na maangavu, samaki akiwa amesogea akamkagua nzi kwa umbali wa kidole halafu akarudi zake, hapo ndipo nusu saa ile inarudisha thamani yake. Nafunga wachache wa namna hiyo, nao nawatoa kwenye boksi nikishakataliwa.

#6 Mchangiaji

Sasa tiririka mkuu, tupe huyo bapa hatua kwa hatua.

#7 Mleta uzi

Haya. Nitakaa zaidi kwenye sehemu zinazowashinda watu, kwingine nitapita haraka.

Ndoano namba 12 ya waya mnene kidogo. Libonyeze jino lake, kile kincha cha nyuma kinachozuia ndoano kuchomoka, kwa koleo *kabla* ya kufunga. Ikitaka kuvunjika, ivunjike sasa hivi bila kupoteza kazi yako, na samaki atakayerudishwa majini atatoka bila kuchanika. Uzi dinia 70, kahawia. Dinia ni uzito: mita 9,000 za uzi huo zina gramu 70. Wengi wanakimbilia dinia 140 wakidhani ndio uimara. Kwa ndoano ya ukubwa huu uzi mnene unajaza nafasi, na mizunguko mitano ya uzi mwembamba uliovutwa sawasawa inashika kuliko miwili ya uzi mnene.

Tandika uzi shina zima. Bila kitanda hicho kila kitu kitazunguka kwenye chuma kitupu.

Sasa ubapa. Kata vipande viwili vya waya wa uzito, kila kimoja nusu ya urefu wa shina, uvilaze *pembeni* mwa shina, kimoja kulia na kimoja kushoto, upande wa mbele. Vifunge, tone la gundi, halafu ubane kwa koleo bapa. Umepata kidari kipana na chembamba kama cha mdudu. Watu wengi wanazungushia waya na kupata mwili wa duara, kisha wanajaribu kuufanya bapa kwa manyoya. Haufanyiki. Kuhusu waya wenyewe, achana na risasi, ni sumu kwa ndege wa majini na baadhi ya nchi zimeikataza. Ukitaka uzito mkubwa kwenye umbo dogo, tungsteni ni nzito mara 1.7 ya risasi.

Mkia: nyuzi tatu za brashi ya rangi ya sintetiki, zile zinazochongoka ncha. Ni zile zile zinazouzwa kwa wafungaji kwenye pakiti ndogo. Weka kiduara kidogo cha uzi mwanzoni mwa pindo, kisha uvute nyuzi za pembeni zitanuke pande mbili. Zisizidi urefu wa shina.

Tumbo: manyoya ya sungura yaliyosokotwa kwenye uzi, membamba nyuma, yakiongezeka mbele. Kanda ya plastiki laini mgongoni, halafu waya mwembamba mizunguko mitano au sita juu yake, kwa *mwelekeo wa kinyume* na ule uliosokotea manyoya. Ukiuzungusha kwa mwelekeo ule ule, unazama katikati ya manyoya na haufungi kitu. Kisha chokonoa pembeni kwa sindano mpaka vinyoya vitoke: hayo ndiyo matamvua. Ya juu na ya chini yakate. Watu wanapata taabu kubandika matamvua ya manyoya moja moja, na kwenye bilauri utaona haya ya kuchokonoa yanapumua vizuri zaidi.

Miguu. Hapa ndipo nzi wengi wanapofia. Nilijaribu nailoni iliyokunjwa kwa kibano cha moto: umbo kamili, ugumu wa mti. Nikajaribu nyuzi za mkia wa fesanti zilizopigwa fundo: zinapendeza, zinakatika kwenye fundo baada ya samaki wawili. Sasa natumia unyoya laini wa kwale. Natenganisha mafungu matatu kila upande, kila fungu nyuzi nne hivi, napaka gundi laini isiyokakamaa kuanzia mwilini hadi kwenye goti tu, nakunja kabla haijakauka. Chini ya goti nyuzi zinabaki huru. Paja linakuwa pana na kiungo kinaonekana, na sehemu ya chini inacheza kila maji yanapopita. Miguu yote sita itoke kwenye kidari. Nimeona nzi wa kupendeza sana wenye miguu inayotoka tumboni, ambapo mdudu hana mguu hata mmoja.

Macho: kipande cha mshipi wa nailoni, kishike katikati kwa kibano, sogeza ncha karibu na moto mpaka ijikunje kuwa tone. Yafunge yakae juu ya kichwa, yasitokeze pembeni. Kunja kipande cha plastiki juu ya kidari kiwe kifuko cha mabawa (ule uvimbe wa mgongoni ambamo mabawa ya tunutu hukua), kichwa kipana, fundo la kumalizia, tone la vanishi.

Ukitumia gundi inayokauka kwa tochi ya mwanga wa UV, usiitazame tochi, na usiache gundi mbichi iguse ngozi. Baadhi ya watu wanapata mzio unaowafanya waache kabisa.

Kisha bilauri. Asipozama tumbo chini, asipotikisa miguu ukikoroga maji kwa kijiti, mfungue uanze tena. Wembe mmoja unakurudishia ndoano yako.

#8 Mchangiaji

Asante kaka. Mimi ni dada yenu, nafunga mwaka wa pili. Nzi wangu wanafanana, tatizo wanafumuka. Samaki wawili tu, nyoya linaanza kuning'inia. Nimebadilisha gundi mara tatu.

#9 Mleta uzi

Dada yangu, gundi si dawa ya uzi uliolegea. Chukua uzi wako, ufunge kwenye ndoano tupu, vuta taratibu mpaka ukatike. Rudia mara kumi. Mkono wako utajifunza mpaka uko wapi. Ukishaujua, fanya kazi muda wote karibu na hapo. Wafungaji wengi wa mwaka wa kwanza na wa pili wanavuta kwa nusu ya nguvu ambayo uzi unaweza kubeba.

Pili, kagua kila hatua kwa vidole kabla ya inayofuata. Ukishafunga mkia, uvute. Ukitoka, umshukuru Mungu umetokea mezani. Ukingoja mpaka mwisho, utakuwa umejenga nyumba juu ya nguzo inayocheza.

Tatu, uzi unajisokota. Ukizungusha bobini kuzunguka ndoano mara nyingi, uzi unakuwa wa duara kama kamba, unakaa juu ya nyoya badala ya kulishika. Iachie bobini ining'inie, izungushe kinyume na saa kama unafungia mkono wa kulia, uzi utalala bapa. Bapa kwa kushika na kwa kutopanda juu. Wa duara uuhifadhi kwa pale unapotaka kubana sehemu moja ndogo.

Nne, nafasi ya tundu. Acha upana wa tundu moja kati ya kichwa cha nzi na tundu la ndoano. Ukijaza mpaka mwisho, fundo la kumalizia linakaa kwenye mteremko na linateleza mbele. Funga mawili mafupi, mizunguko minne kila moja, kuliko moja refu.

Na manyoya yenyewe. Nyoya la zamani lililokauka ncha litavunjika hata ukilifunga na nani. Manyoya mapya yatie kwenye mfuko uliofungwa, yakae kwenye friza siku kadhaa kabla hujayachanganya na mengine, maana nondo na wadudu wa mazulia wakiingia kwenye kabati utayakuta unga. Nunua pia kwa anayejua manyoya yametoka wapi. Mwaka 2009 ngozi za ndege 299 ziliibwa kwenye jumba la makumbusho la Tring, Uingereza, baadhi ya manyoya yakauzwa kwa wafungaji wa nzi wa samaki aina ya samoni. Ngozi nyingine hazikurudi, na nyingine zilirudi bila lebo za mahali na tarehe ndege alipokusanywa, kwa hiyo wanasayansi wamepoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Hilo jambo bado linaniuma. Kuku, bata, sungura na kwale wanatosha kwa kila mdudu niliyemtaja hapa. Manyoya ya bata yanayozunguka tezi ya mafuta karibu na mkia yanaelea kuliko chochote cha dukani, ila usiyapake mafuta mazito ya kuelea, yatashikana.

#10 Mchangiaji

Mimi navua baharini, kaa na kamba wa bandia. Jiriwa yangu haina shida. Kinachonimaliza ni rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi), vyuma vya fimbo, na juzi fimbo ya nyuzi za kaboni imevunjika katikati na samaki mdogo tu. Muuzaji anasema nimeitumia vibaya.

#11 Mleta uzi

Pole sana mkuu. Nakuuliza: huyo kaa wako ana macho ya chuma au shanga ya tungsteni? Nadhani jibu liko hapo. Nzi mzito akirushwa vibaya mara moja anaigonga fimbo akiwa kasini. Nyuzi za kaboni zina nguvu sana kwa kupinda na ni dhaifu kwa kupigwa. Panabaki ufa mdogo usioonekana, wiki mbili baadaye fimbo inakatika kwa samaki wa kawaida, na kila mtu analaumu samaki. Punguza kasi, fungua duara la mrusho liwe pana, nzi apite mbali na fimbo. Na mshipi uwe na uzito wa kumbeba: mita 9.1 za mwanzo za mshipi namba 8 zina gramu 13.6 hivi, za namba 5 ni 9.1. Kaa mzito kwenye mshipi namba 5 ndiye anayeurusha mshipi, badala ya mshipi kumrusha yeye.

Rili: chagua iliyochongwa kutoka kwenye kipande kizima cha alumini, breki yake ikiwa imezibwa maji yasiingie. Iliyomiminwa kwenye kalibu ni nyepesi kwa mfuko lakini ikianguka juu ya mwamba inapasuka, haipindi. Ioshe kwa maji baridi yanayotiririka taratibu. Bomba lenye presha linasukuma chumvi ndani ya vizibo, na huko haitoki. Ikikauka, legeza breki yote kabla ya kuihifadhi.

Pete za fimbo zipitishie pamba kila mwezi. Ikinasa, pete ina ufa na inakula mshipi wako. Vipande vya fimbo vitenganishe siku hiyo hiyo, chumvi ikikauka kwenye maungio vinagoma. Dawa ya mbu yenye DEET inaharibu plastiki ya mshipi, osha viganja kabla hujaushika.

Boksi la nzi usilifunge likiwa na unyevu. Nzi mmoja aliyeloa anatosha kutia kutu safu nzima. Mimi nina vyumba viwili: waliotumika leo wanakaa upande wenye matundu mpaka kesho.

#12 Mchangiaji

Mkuu ni mimi wa #2. Nilinunua jiriwa inayozunguka na mikasi miwili, bobini nimeazima. Leo nimemaliza tunutu wangu wa nne yule bapa. Anapendeza jamani, hata nyumbani wamemshangaa. Ila kwenye bilauri anageuka chali kila mara. Nimemfungua mara mbili. Nimekwama.

#13 Mleta uzi

Hongera sana kaka, wanne kwa muda huu ni mwendo mzuri. Picha nimeiona.

Mzungushe kwenye jiriwa umtazame kwa mbele, tundu la ndoano likikuelekea. Vile vipande vyako vya uzito vimepanda, viko juu ya shina badala ya pembeni. Ulipovuta uzi vilizunguka nao, na ni kosa la kawaida kwa kuwa uzi unavuta upande mmoja. Uzito ukiwa juu, pindo la ndoano linakuwa jepesi kuliko mgongo, lazima ageuke. Safari hii funga kipande cha mbali kwanza kwa mizunguko mitatu iliyolegea, kisha cha karibu, uvirudishe mahali kwa kucha, ndipo ukaze. Gundi iingie kabla ya koleo.

Akigeuka bado, vishushe vyote viwili kidogo chini ya mstari wa shina, na upunguze plastiki ya kifuko cha mabawa, naiona umeikunja mara mbili na inashika hewa.

Mloweshe kwanza kwa vidole, umbane viputo vitoke, ndipo umtumbukize. Kisha utuambie amezamaje.